Kaburi la Mama kwenye Kikwembe

Novemba 3
Mvua ya kwanza. Imepiga bati la depo mchana kutwa, na mifuko ya saruji nimeisogeza mbali na ukuta kabla haijanyonya maji. Wateja wawili tu, na mmoja alikuja kujikinga mvua.

Novemba 9
Nimerudi kutoka Kansenga na hasira ambayo hata maji ya kuoga hayakuipunguza.

Kansenga ni kijiji cha mama, pembeni mwa barabara ya Kapolowe. Tulimzika pale mwezi wa sita, nyuma ya kanisa, kama alivyotaka. Mwezi wa nane mimi na fundi Haruna tulilijengea kaburi lake vigae vyeupe vyenye ua la kijani kwenye pembe, kutoka depo yangu mwenyewe, vile ambavyo wateja wa Shituru wanaweka jikoni. Ndilo kaburi pekee lenye vigae pale. Jina hatukuweka. Kwa ukoo wa mama, jina huandikwa siku ya kutosha kilio, siku tunapovua nguo nyeusi, na sisi tumeipanga Aprili, mvua ikikata. Wajomba wanasema jina likitangulia, marehemu hapumziki. Mimi ni mtu wa saruji, sijui maiti anapumzika vipi, lakini nilikubali kungoja.

Basi leo nimekuta kamba nyekundu imezungushwa kwenye kaburi, na kijana wa viatu vyenye ncha amesimama juu ya kigae cha mama akipiga simu. Anaitwa Ricky. Ni mtu wa protokole wa familia ya Kasompwe. Nani asiyeijua: baba alikuwa waziri, mtoto ni mbunge Kinshasa, jina lao liko kwenye shule, kwenye basi na kwenye kalenda ya kila kinyozi. Nikamwomba ashuke. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba hili ni kaburi la nyanya wa Mheshimiwa, mama wa mama yake, aliyekufa mwaka 1961.

Nikamwambia saruji hii ni ya mwezi wa nane mwaka huu, nimeichanganya mimi. Mwaka 1961 kigae hiki kilikuwa bado udongo nchi ya watu.

Akaniangalia nguo yangu nyeusi, akasema, "Mama, familia kubwa inatengenezaka makaburi yake kila mara."

Nikaenda kwa Pasta Michée. Huyu amefika Kansenga miaka miwili tu, waliozikwa zamani hawajui. Alinieleza huku anapanga mabeseni chini ya bati linalovuja. Wajumbe walikuja Septemba kutafuta bibi yao. Misalaba ya zamani ilikuwa ya mbao. Mchwa wamekula nusu, moto wa kiangazi umemaliza nusu. Wakaenda moja kwa moja kwenye kaburi zuri lisilo na jina.

"Minye nilisema tu makaburi iko kule, Mama Henriette. Beye benyewe balienda mpaka pale. Habakuniuliza ni ya nani. Baliniuliza kama paa ya kanisa inavuja."

Kumbe wameahidi paa.

Novemba 17
Mvua. Ricky hapokei simu.

Novemba 30
Nimeelewa kwa nini wanalitaka. Wapinzani wa Mheshimiwa wanasema redioni kwamba yeye si mtu wa huku, ni mtu wa Kinshasa anayekuja kuomba kura na kurudi. Bibi aliyelala ardhini hapa anafunga midomo yote hiyo. Ni hesabu nzuri. Kasoro yake ni moja: bibi huyo ni mama yangu.

Ndugu yangu Gaston alikuja kula. Nimemlea tangu baba afe, nikiuza maandazi mlangoni mwa kiwanda. Alikula sahani mbili kabla ya kuniambia kwamba amepewa kazi ya kuendesha gari la protokole. Gari gani? Lile lile la Ricky.

"Yaya, kaburi haitembeake," akasema, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Bapige picha yabo, bende zabo. Paa itabakia."

Nikamuuliza kama na yeye amewaambia ni la nani. Akasema hakuulizwa. Wote huku hawaulizwi. Ni ugonjwa.

Desemba 12
Leo nimeona kitu ambacho sitakisahau hata nikifika miaka mia.

Mwanamke mmoja aliingia depo kuuliza misumari ya bati. Amevaa kikwembe kipya, kile cha kufunga kiunoni, bado kinanuka kiwanda. Alipogeuka kuangalia misumari, nikamwona mama. Yaani kaburi lake: vigae vyeupe, ua la kijani kwenye pembe, hata kile kigae cha mguuni ambacho Haruna alikikata vibaya tukagombana nusu siku. Kaburi lina ukubwa wa sahani ya chai na limerudiwa kitambaa kizima, na chini yake maandishi: SISI NI WA HAPA. Moja lilikuwa kwenye tako la kushoto, nusu yake imemezwa na mshono.

Nilimuuliza amekipata wapi. Wanagawa sokoni, akasema, moja kwa kila mama, foleni inafika kwenye reli. Akaniuliza kama sijapata. Nikamuuzia misumari.

Nimefunga depo mapema, nikaenda hadi ofisi yao mjini. Safari hii Ricky hakubisha. Alifunga mlango, akanipa kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba anaelewa, kwamba labda kulikuwa na kosa kidogo la mwanzo. Nikafikiri tumemaliza. Kisha akasema, "Lakini mama, ata kama ni ya mama yako, kikwembe kimekwisha kuchapwa."

Desemba 14
Sokoni nimemwona mama mara kumi na tisa. Mara moja alikuwa kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni.

Desemba 25
Pasta alihubiri juu ya familia iliyokosa nafasi ya kulala. Nilitoka nje, nikakaa na mama kwenye mvua.

Januari 8
Ricky amebandika ramani ya ujenzi kwenye mlango wa kanisa. Nyumba ya kaburi, marumaru, nguzo nne, mita sita kwa nne. Nilichukua futi yangu ya depo nikapima. Ndani ya mita hizo kuna makaburi tisa: mama, katekista wa zamani, mapacha wa jirani, na mengine ambayo watu bado wanayajua kwa mdomo. Nikamwita mzee wa kanisa, Alphonse, ambaye kaburi la mke wake ni la nne kutoka kushoto. Nikamwonyesha. Aliangalia futi, akaangalia bati la kanisa, akasema marumaru si mbaya, mke wake hakuwahi kulala kwenye marumaru.

Nikamwuliza kama hata jina la mke wake litaandikwa. Akasema ataliulizia.

Kijiji kizima kilikuwa kwenye mazishi. Walikula wali wangu mwezi wa sita. Sasa kila ninayemsimamisha anaangalia mbingu na kusema mvua ya mwaka huu ni kali, kanisa litaanguka. Mimi ninauza bati! Hakuna hata mmoja aliyenijia kusema, Mama Henriette, tusaidie paa. Wamengoja Kinshasa.

Januari 19
Nilimpeleka Haruna na kibao cha jina. Nilisema basi, kilio kitoke au kisitoke, jina la mama linapanda leo. Kibao ni cha shaba, kimechongwa vizuri: FORTUNÉE KALENGA, na chini yake mwaka wa kuzaliwa na wa kufa.

Haruna ni Mwislamu, watu wake walitoka upande wa Maniema, na kwao kaburi halipambwi hivyo. Kwa miezi yote hajasema neno juu ya vigae vyangu. Leo alichanganya saruji, akaishika mkononi, akasubiri. Akaniuliza kama wajomba wanajua. Nikamwambia afanye kazi yake. Akasema, "Mama, minye nitaweka. Lakini weye ungali na nguo nyeusi."

Nikasema mvua inakuja, saruji haitashika. Tukarudi na kibao. Mvua haikunyesha.

Februari 2
Radi imepiga nguzo ya umeme. Siku tatu gizani. Gaston ameleta mishumaa, nimeipokea bila kumsemesha.

Februari 15
Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Gaston alinipigia simu asubuhi: mama mkubwa wa Mheshimiwa amefika kutoka Kinshasa, anataka kuona kaburi la mama yake, na yeye ndiye anampeleka. Nadhani aliniambia ili nisiende. Nilifunga depo nikaenda. Nilijipangia maneno njia nzima. Nilikuwa na picha za ujenzi kwenye simu, nilikuwa na Haruna kama shahidi, nilikuwa na miaka na vipimo vyote kichwani.

Nikamkuta amekaa ukingoni mwa kaburi, amevua viatu, miguu kwenye matope. Mama Josée anaitwa. Yapata miaka sabini, amebakia mifupa na macho. Gaston na Ricky walisimama mbali karibu na gari. Alikuwa analia, si kilio cha kamera, maana kamera haikuwepo. Kilio cha mtu aliyekichelewesha. Mkono wake ulikuwa unapapasa vigae vyangu kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Nikasimama na maneno yangu yote. Unamwambiaje mtu anayelia namna hiyo kwamba amekosea nyumba? Nilijikasirikia. Niliwakasirikia wote.

Yeye ndiye aliyeanza. Aliniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikataja mama. Akauliza ukoo. Nikamwambia upande wa mama sisi ni watu wa Mumba, wa udongo.

Akaacha kulia pale pale. Akafuta pua na kuniangalia kuanzia miguu.

"Mumba," akasema. "Kumbe ni batumwa betu. Sisi ni ba Mvula. Bila sisi kunyesha, beye ni vumbi tu."

Mtu wa nje angefikiri nimetukanwa. Lakini huo ni bunungwe, utani wa koo: mvua na udongo hutukanana tangu wazee, na kumkasirikia munungwe wako ni aibu kuliko tusi lenyewe. Yeye anaweza kuchukua kuku wako uani, nawe unacheka. Kwenye msiba ndiye anayechimba na kuosha, na ndiye anayezuia jeneza njiani mpaka apewe anachotaka. Mama alikuwa bingwa wa mchezo huo. Alishawahi kulala kwenye shimo la mtu wa Mvula na kukataa kutoka.

Ulimi wangu ukajibu wenyewe. Nikamwambia mvua haina nyumba, ndiyo maana inalala kwenye nyumba za watu wa udongo.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia kwamba mama yake alikufa yeye akiwa mtoto, miaka saba. Anakumbuka alisimama kaburini amemshika shangazi mkono, na mlango wa kanisa ulikuwa wazi mbele yake, akaona mishumaa ndani. Anakumbuka waliweka juu ya kaburi sahani ya mama yake ya bati, ya mstari wa bluu, wakaitoboa kwa msumari katikati ili mtu asiibe.

Niligeuka. Kutoka tulipokaa unaona mgongo wa kanisa tu. Mlango uko upande wa pili kabisa.

Yeye naye aliangalia ule ukuta muda mrefu, halafu akaomba viatu vyake. Nilipomsaidia kusimama akasema, "Tarehe tano mwezi wa ine, mutoto ya dada yangu ataleta bantu na televizyo. Weye munungwe utakuja kutusumbua? Kilio pasipo munungwe ni ya bongo, haina ya kweli."

Februari 16
Nimesoma nilichoandika jana. Nilikwenda kumtimua, nikarudi nimemfunga kamba za viatu.

Machi 6
Mafundi wa marumaru wamechimba msingi. Umejaa maji, vyura wanaimba ndani. Mzee Alphonse alinisimamisha kuuliza mtaro wa msingi unapita wapi hasa. Nikamwonyesha: unapita kwenye magoti ya mke wake. Hakuangalia mbingu safari hii.

Machi 22
Mvua inapungua. Gaston ametoa gololi za gurudumu la mkokoteni wangu, amezisafisha, amerudisha. Hakuna aliyemwomba. Aliniuliza nitafanya nini tarehe tano. Nikamwambia nitakwenda kusali.

Aprili 5
Nimekaa kwenye kiti changu cha depo, nguo bado zina matope, na nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Mahema manne, viti vya plastiki mia tatu, fanfari ya shule na tarumbeta zake, na kikwembe kila mahali. Mama mia na zaidi wamevaa kaburi la mama yangu, wamelizunguka kaburi la mama yangu, nami peke yangu katika nguo nyeusi. Juu ya vigae walikuwa wametandika bendera, na chini ya bendera jiwe lenye jina la bibi yao.

Pasta alipofunga sala, nilipita katikati ya viti. Nikapanda juu ya kaburi, nikakaa juu ya bendera, nikanyoosha miguu. Nilikuwa nimebeba sufuria ya mama na mwiko. Nikaanza kupiga.

Nikasema mimi ni Mumba na leo ba Mvula hawanyeshi hapa. Nikasema mvua ya Kinshasa imekosa mto, imeingia kwenye sufuria ya watu. Nikasema mtu mkubwa hawezi kuzaliwa na vigae vya mwezi wa nane, labda alizaliwa jikoni Shituru. Mama wazee wa kijiji wakaanza kupiga vigelegele kabla hawajafikiri, maana masikio yao yanaujua mchezo. Ricky hakuujua, wazazi wake ni wa mji. Aliwaita walinzi.

Wawili wakanijia. Wakamwita na Gaston, kwa kuwa ana koti la protokole na ni ndugu, waniondoe bila kelele. Gaston alikuja. Alisimama mbele yangu, jasho linamtoka. Halafu akavua koti, akalikunja, akakaa kando yangu juu ya kigae chenye maji.

"Minye pia ni Mumba," akawaambia walinzi. "Mubebe wote mbili."

Mheshimiwa alikuwa ameanza kusimama, uso umevimba. Mama Josée akamshika mkono kutoka kwenye kiti chake. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

"Ikala, mutoto. Munungwe ameketi. Ukimukasirikia, weye haina mutu ya huku."

Nilimwona anakokotoa. Televizyo inapiga, mama mia wanaangalia, na maandishi kwenye viuno vyao yanasema sisi ni wa hapa. Akaketi. Hata akajaribu kucheka.

Mama Josée akaniuliza, kama desturi inavyotaka, munungwe anadai nini ili aondoke. Watu wakangoja niseme mbuzi, au bia. Nikasema sidai kitu chenu. Nadai mjue aliye chini yangu. Ni Fortunée Kalenga, mliyemzika nyote, watu wa Kansenga, mwezi wa sita, mkala wali. Bibi yenu, ba Mvula, hayuko huku nyuma. Aliyemzika aliona mlango wa kanisa.

Ndipo Mzee Alphonse akasimama na kusema ni kweli, na mke wake yuko pale, na msingi unapita kwenye magoti yake. Kisha wakasema wengine, wote kwa pamoja, kama watu walioulizwa hatimaye.

"Minye nilijua tangu siku ile," Mama Josée akasema. Hakuwa anamwambia mpwa wake, alikuwa ananiambia mimi. "Nilimuambia. Akasema kikwembe kimekwisha kuchapwa. Nikabaki nakungojea weye."

Akaondoka kwenye hema, akazunguka kanisa, nasi nyuma yake. Akasimama mahali mlango uliponyooka mbele yake, kwenye majani yaliyofika kiunoni. Kuchimba na kusafisha kaburi la Mvula ni kazi ya Mumba, kwa hiyo nilichukua jembe. Gaston akachukua lingine. Tulifyeka tukielekea nyuma, taratibu, na Haruna, niliyekuja naye, akipekua kwa mikono. Ni yeye aliyegonga bati. Sahani, kutu tupu, lakini ukingoni bado kipande cha bluu, na katikati tundu la msumari.

Mama Josée aliichukua. Hakulia. Alipitisha kidole chake kwenye tundu, akabaki hivyo.

Televizyo haikupiga picha ile. Mheshimiwa alikuwa ameshaomba wazime. Lakini alivua koti lake la suti, sijui kwa aibu au kwa joto, akang'oa majani na sisi mpaka mwisho. Anang'oa vibaya, anaacha mizizi.

Aprili 20
Tumetosha kilio. Anayemvua mfiwa nguo nyeusi ni munungwe, na Mama Josée alikataa kurudi Kinshasa kabla ya kazi hiyo. Alinimwagia maji ya baridi, akaniambia nina mwili wa mfuko wa saruji. Kibao cha mama kimepanda. Haruna hakungoja nimwambie.

Msingi wa marumaru tumeufukia. Paa la kanisa halijaja. Wazee walinijia wanne, kofia mkononi, wakasema, Mama Henriette, tusaidie. Nikawauliza kwa nini wamechelewa. Nimeshapima: bati themanini na mbili.

Aprili 29
Nimemaliza kaburi la bibi wa Mvula. Dogo, halina nguzo. Sahani tumeijengea juu. Vigae vya ua la kijani vilivyobaki depo vilitosha hasa, pamoja na kile kilichovunjika.

Mei 4
Hakuna wingu. Mama mmoja ameingia depo na kikwembe kile kile, kimeanza kupauka. Aligeuka, akanyoosha kidole kwenye kiuno chake mwenyewe, akaniuliza kama ninauza vigae kama hivi, vyenye ua.

Nikamwambia nilikuwa navyo. Nusu iko kwa mama yangu, nusu iko kwa watumwa wetu.